Ndoa ya Yomba Petelo

Mwezi uliopita simu yangu ililia nikiwa nachambua majani ya sombe. Nikafuta mikono, nikatafuta miwani, nikakuta mjukuu wa dada yangu ameniandikia maneno saba: "Nkambo Anjelani alikufa. Maziko kesho saa nane." Basi. Hata jambo hakuna. Bibi huyo Anjelani alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa hatuna meno ya mbele, na habari yake imenifikia kama tangazo la kukatika kwa umeme. Nilikasirika kwanza, machozi yalikuja baadaye. Nilimpigia yule mtoto nikamgombeza mpaka akaomba radhi, maskini, na nina hakika hakujua anaomba radhi ya nini.

Ninyi wa umri wangu mnajua. Wakati wetu neno lile halikutamkwa. Mtu akifa, ndugu zake walio mbali waliambiwa kwamba ni mgonjwa sana, waje. Ulifunga mzigo, ukasafiri, na hakuna aliyekuambia zaidi mpaka umefika na kuona mwenyewe mikeka imetandikwa. Bibi yetu alipofariki kule Pweto, kando ya ziwa, wanaume wawili walikuja nyumbani kwetu Kamalondo, wakala bukari, ugali wetu, wakazungumza na Papa habari za samaki na mvua, na waliposimama kuaga ndipo mmoja akamgeukia Mama: "Mama yako anaumwa. Anakuuliza." Mama akapiga kelele na kuanguka chini. Mimi nilikuwa mdogo, nikaona aibu mbele ya wageni. Mtu mzima analiaje hivyo kwa sababu ya ugonjwa?

Mama alibaki na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, Petelo, mdogo wake. Sisi watoto tulimwita Yomba, yaani mjomba. Yomba Petelo alivuka mpaka akiwa bado kijana, akapata kazi Ndola, upande wa Waingereza, kwenye karakana ya treni, chini ya mzee mmoja Mwingereza ambaye hakujua kusema jambo moja kwa moja. Wiki ya kwanza yule mzee alimwambia atikise mguu. Yomba akasimama palepale, akatikisa mguu, akautikisa kwa heshima zote, na wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Kumbe aliambiwa afanye haraka! Tangu siku ile akajiwekea sheria, na alinifundisha alipokuja kwetu Noeli: "Vero, Kingereza usisikilize neno. Angalia bantu banafanya nini nyuma ya neno. Ile njo maana yake."

Akaniachia daftari lenye mistari ya buluu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi. Kwa masista sisi wasichana tulifundishwa kushona, kuimba na kusali, na Kifaransa kidogo cha kujibu ndiyo na hapana, lakini Yomba alisema mimi nina kichwa na kichwa kisilale njaa. Jirani yetu Papa Yohani, fundi viatu aliyetoka huko ng'ambo ya mpaka, alinifundisha kusoma Kiingereza Jumapili baada ya misa, kidogo kidogo, kwenye kitabu kisicho na jalada. Lakini misemo nilijifunza kwa Yomba. Barua zake hazikupita posta. Zilipita mikononi mwa watu wa treni, mmoja akimpa mwenzake, mpaka kwa Papa, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli hapa mjini kwetu, wakati ule Élisabethville. Barua yenyewe aliiandika kwa Kiswahili, ya wote. Chini kabisa aliandika msemo mmoja wa Kiingereza, wangu mimi, bila maana. Nilitakiwa kubahatisha, kumjibu, kisha kungoja barua nyingine inihukumu.

Ee Mungu, nilivyobahatisha! Aliponiandikia habari ya mtu aliyepiga ndoo teke, nilifikiri ninajua kabisa, maana pale kwenye bomba la maji watoto walipigiana ndoo mateke tangu asubuhi. Nikajibu: ni mtu asiye na adabu. Jibu likaja: hapana, ni mtu aliyekufa. Nilishikwa na baridi. Kwa muda mrefu nilikuwa naondoa ndoo zote karibu na miguu ya Papa, na yeye akidhani nimekuwa mtoto wa usafi, akanisifu. Baadaye Yomba akaleta mtu aliyekwenda magharibi. Naye pia alikuwa amekufa. Nikaandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja, na nikawaheshimu Waingereza kwa mara ya kwanza. Nikasema, kumbe hata hawa wanalikwepa neno lile, kumbe wana adabu.

Tena aliniambia kwamba Mwingereza husema "ninaogopa" bila kuogopa kitu. Anaogopa chai imekwisha, anaogopa leo ni Jumanne. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Nilitembea nyumba nzima nikiogopa: "Mama, ninaogopa chumvi iko kwa meza." Mama akasema, "We mutoto, Petelo anakuharibia kichwa." Lakini alisema akicheka, na mchana uleule nilimsikia akimsimulia mama yake Anjelani jinsi mimi binti yake ninavyojua Kiingereza.

Mama hakujua kusoma. Majibu yake kwa Yomba alinitamkia mimi niandike, na kila mara yaliishia palepale: "Mwambie aoe. Mwambie nimechoka kungoja. Anataka nione muke wake nikiwa kaburini?" Yomba alijibu kila kitu isipokuwa hilo. Na mimi aliniahidi kwamba daftari likifika misemo ishirini, ataniletea barua nzima ya Kiingereza, hakuna hata neno la Kiswahili. Hiyo itakuwa ekzame yangu, mtihani. Nikipita, nitaletwa Ndola kuona karakana.

Nilikuwa na misemo ishirini na mmoja Papa aliporudi kazini siku ile ya Jumanne na bahasha mkononi. Nikaifungua nimesimama mlangoni. Ilikuwa Kiingereza kitupu. Ekzame yangu ilikuwa imefika. Niliona mara moja kwamba mwandiko si wa Yomba. Wake ulilala upande, huu ulisimama wima, herufi moja moja. Nikajiambia amemwomba mwenye mkono mzuri amwandikie ili ekzame iwe safi. Hapo hapo nilikuwa nimeanza kujidanganya, na leo naweza kusema kwamba kitu fulani ndani yangu kilijua.

Barua ilikuwa fupi. Iliandikwa kwa dada yake Petelo. Ilisema: ninaogopa inanibidi niwaambie kwamba Petelo alikufa Jumatatu. Tutamzika Alhamisi baada ya saa sita, ili dada yake awahi kufika. Njooni.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko na daftari langu. "Ninaogopa" niliivuka bila shida, hiyo ni adabu tu. Kufa ndiko kulikonisimamisha. Nikafungua ukurasa wangu, nikakuta ndoo, nikakuta magharibi. Kama mtu amekufa, Mwingereza angesema ndoo. Sisi tungesema mgonjwa sana. Hakuna mtu duniani, mweusi wala mweupe, ambaye angemwandikia dada wa mtu neno lile tupu, wazi hivyo, pamoja na siku yake. Kwa hiyo neno hili lilikuwa msemo, na msemo mgumu kuliko yote, ndiyo maana aliuweka kwenye ekzame. Nilifurahi kuutambua mtego.

Sasa maana yake nini? Nikafuata sheria ya Yomba, nikaangalia watu wanafanya nini nyuma ya neno. Wanaita ndugu kutoka mbali. Wanaweka siku. Wanangoja dada afike. Na hapo nikakumbuka misheni, siku binti mmoja wa kwetu alipoweka nadhiri za utawa. Walimlaza chini kifudifudi, wakamfunika kitambaa cheusi, na padri akatuambia kwamba yule tuliyemjua amekufa, amezikwa, anaamka mwingine. Halafu tukala wali na nyama mpaka tukashindwa kutembea. Nani asingeelewa? Petelo wa zamani, Petelo asiye na mke, amekufa Jumatatu. Alhamisi wanamzika. Nikatoka nyuma ya jiko nikikimbia.

"Mama! Yomba anaoa!"

Mama alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki juu. "Anaoa? Nani anasema?"

"Barua njo inasema. Kesho kutwa, nyuma ya saa sita. Banakungoja weye."

"Banaandika vile? Anaoa?"

"Banasema kwa kuzunguka, Mama. Kingereza iko vile."

Mama aliachia mchi, akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka sokoni. Majirani wakaja. Akanikumbatia na unga wote mikononi, akalia, akacheka, akamshukuru Bikira Maria, akamtukana Petelo kwa kumchelewesha. Papa peke yake ndiye aliyeichukua ile karatasi na kuiangalia, ingawa hakuweza kuisoma. "Kingereza yote hii, hakuna Swahili hata kidogo? Juu ya nini?"

"Ni ekzame yangu, Papa."

"Tungoje Yohani atoke kwa kazi, naye aisome."

"Yohani wa nini?" Mama akamjibu. "Mutoto yangu anajua. Treni iko kesho asubuhi, miye sitangoja muntu wa viatu." Papa akacheka, akaenda kutafuta karatasi ya safari, ile waliyopewa watu wa reli kwa mke na mtoto mmoja. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepita ekzame.

Sijawahi kumwona Mama mwenye furaha namna ile, si kabla wala baadaye. Alivaa kitenge, kikwembe chake kipya, akabeba kuku kwenye kikapu, na samaki wakavu wa Pweto ambao Yomba aliwapenda. Ndani ya treni hakunyamaza. Alimwambia kila aliyeketi karibu: "Ninaenda kumuoza ndugu yangu, yeye mumoja tu, alinichelewesha huyu!" Akasimulia jinsi Petelo mdogo alivyokula mayai yote ya samaki yaliyowekwa kwa wageni, akajificha chini ya kitanda na kusinzia humo, na kijiji kizima kikamtafuta ziwani. Akasimulia alivyombeba mgongoni mpaka watu wakaanza kumcheka, maana miguu ya mtoto ilikuwa inaburuta. Watu walicheka naye. Mwanamke mmoja aliyekuwa anashuka Sakania, mpakani, alifungua mzigo wake, akatoa kikombe cha bati chenye maua mekundu, kipya, akampa. "Cha bibi arusi," alisema.

Sakania tulingoja karatasi zetu zikaguliwe, tukalala hapo, na asubuhi nikaitoa tena barua ili nijisifu peke yangu. Ndipo ikanijia Imani ile tuliyoisali kila Jumapili: akasulubiwa, akafa, akazikwa. Pale neno lile lilisemwa wazi, na halikuwa msemo wa kubahatisha. Nikasoma tena, polepole, na mara hii barua haikuwa na fumbo lolote. Mama alikuwa mbele yangu anakifuta kile kikombe kwa pindo la kikwembe, anaimba. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo, naapa, nikaufungua, naye akaniuliza, "Unaona njaa?" Nikasema ndiyo. Akanipa muhogo.

Niliogopa, na sikuogopa kwa adabu.

Tulifika Ndola Alhamisi kabla ya saa sita. Tukauliza njia ya kambi ya wafanyakazi, na tulipofika mtaa wake tukaona uani kwa Yomba watu wamejaa, wanaume wengi wamekaa, moto unawaka mchana. "Angalia bantu ba ndoa!" Mama akasema. Nilimshika kikwembe nikamvuta nyuma. "Mama, ngoja." Alinipiga mkono kidogo, kwa utani. Akamtoa kuku, akamwinua juu, akaingia uani kwa vigelegele, akicheza mabega.

Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Mwanaume mrefu aliyevaa koti akaja, akamchukua yule kuku mkononi mwa Mama taratibu sana, na Mama akamwacha amchukue, huku bado anapiga vigelegele na macho yanapita nyuso za watu, uso huu, uso ule. Akaona wanawake wamekaa chini bila vitambaa vya kichwa. Akaona mlangoni mikeka imetandikwa. Sauti haikukatika. Ni ileile, iliendelea, ila sasa ilikuwa kilio.

Homa ilimshika Yomba siku tatu tu. Tulimzika mchana ule, na Mama alimwona uso kabla hawajamfunika. Hayo mengine ninyi mnayajua, kila mtu amezika. Nitakalosema ni la jioni. Wanawake wazee walianza kuuliza kwa Kibemba, ambacho Mama alikielewa, kwamba nani huyu anaingia kwenye kilio na vigelegele. Nani alimsomea barua? Yule mwanaume wa koti, Jeremaya, mtu wa Nyasaland, mwenzake Yomba wa karakana, ndiye aliyeiandika. Hakujua Kiswahili. Alikuwa amevimba macho, na alisema kwa uchungu, mwingine akimgeuzia maneno: "Niliandika Kiingereza chepesi kuliko chote ninachokijua. Nilikiandika hivyo ili hata mtoto aelewe."

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa nimekaa na daftari langu kifuani, sijui kwa nini nilikuwa bado nalishika. Mama alikuwa ameinamisha kichwa magotini, nikadhani hasikii. Akasema bila kukiinua:

"Barua alinisomea muzuri. Ni miye nilisikia vibaya."

Hakuna aliyeuliza tena.

Tulikaa Ndola mpaka siku za kilio zikaisha. Katika siku zote hizo Mama hakunigusa wala hakunigombeza. Ningefurahi kupigwa. Mtoto akipigwa, jambo linakwisha. Nilisubiri mpaka tupo ndani ya treni ya kurudi, mahali petu dirishani, ndipo nikaanza: "Mama, nilijua. Pale Sakania nilijua." Nikaeleza yote, ndoo, magharibi, sista aliyefunikwa kitambaa, Imani. Nililia mpaka kamasi. Mama alinisikiliza akiangalia nje, kichwa chake kimenyolewa, kidogo, nilikuwa sijawahi kuona kichwa cha Mama kilivyo kidogo.

"Wakati mama yangu alikufa," akasema, "baliniambia anaumwa. Unakumbuka? Nilijua palepale. Muntu gani hajui? Siku ine ndani ya kamyo ya mizigo mpaka Pweto, siku ine nilikuwa ninalia, na bantu banasema nyamaza, iko mugonjwa tu. Adabu, banasema. Ile adabu haikunisaidia hata saa moja."

Akarudisha macho dirishani. Nikafikiri amemaliza.

"Lakini weye. Jumanne, Jumatano, mpaka Alhamisi. Siku zile zote Petelo alikuwa muzima. Alikuwa anaoa, Vero! Nilimucheka, nilimutukana, nilimuwazia na muke wake. Alikuwa alishakufa na miye nilikuwa naye. Nani mwingine alipata ile?"

Treni ilikuwa imekwisha kuondoka, nyumba za mwisho za Ndola zinapita. Mama aliingiza mkono kwenye fundo la kikwembe chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikujua kwamba alikuwa ameichukua. Akaikunjua juu ya magoti, akailainisha kwa kiganja, akanipa.

"Nisomee," akasema. "Vile ulinisomea ku nyumba."

Nikaangalia ile karatasi. Wakati huo nilijua maana ya kila neno lililoandikwa pale, kila moja lilimaanisha lile tu lililosema. Nikafuta macho, nikaishika karibu na dirisha, nikaanza mwanzo. Nikamsomea kwamba Petelo anaoa. Nikamsomea kwamba ni Alhamisi, nyuma ya saa sita, na hawataanza bila dada yake.